Chai ya Saa Nne katika Idara ya Saikolojia ya Jamii

Kila siku ya kazi, ilipofika saa tatu na nusu asubuhi, Semeni alijifunga kanga kiunoni, akabandika sufuria kubwa jikoni mwa Idara, akamimina maji na maziwa, akatia majani, na chai ilipopanda akaongeza vijiko vitatu vya kujaa kutoka kwenye mkebe wa bluu. Akakoroga. Hakuonja. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na moja, na tangu siku ile ya mwanzo hakuwa ameonja tena. Kisha alichuja, akajaza birika kubwa la bati lenye nembo ya taifa, akapanga vikombe kumi na vinane kwenye sinia, akaketi juu ya kreti tupu la soda kungoja kengele ya saa nne.

Jumatatu moja kijiko cha pili kilikuwa hewani pale mlango wa jiko ulipofunguka na Mkurugenzi akaingia.

Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Katika nchi ya Tangamano wakurugenzi hawajui jiko liko upande gani wa jengo. Wakitaka maji huandika dokezo. Lakini Dakta Luhende aliingia bila hodi, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha pete kwenye tundu la maji machafu.

"Shikamoo, mzee," alisema Semeni, kijiko bado kiko hewani.

"Marahaba, mwanangu. Nipatie maji. Maji tu."

Alikunywa taratibu, akaketi juu ya kreti la soda, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka hospitali. Walikuwa wamempima shinikizo la damu mara mbili, alisema, kisha daktari akatoka nje kumwita mwenzake aje naye atazame, kama watu wanavyoitana kutazama nyoka aliyeuawa barabarani. Daktari wa pili aliuliza anakula nini. Akajibu kwamba nyumbani mke wake hatii chumvi hata kwenye maharage, mwaka wa pili huu. Ndipo wakamuuliza anakunywa nini.

"Ukawajibu nini, mzee?"

"Nikanyamaza. Wakaandika, hata chembe. Wakapiga mstari chini yake." Alikunja karatasi tena mara nne. "Wamesema nikiendelea hivi, mwezi huu hautaisha na mimi."

Semeni alitazama kijiko kilichokuwa mkononi mwake. Maana ndani ya mkebe ule wa bluu, tangu miaka kumi na moja iliyopita, hamkuwa na sukari.

Kengele ikalia. Dakta Luhende akasimama, akanyoosha koti lake jeupe, akaenda ukumbini kunywa chai.

*

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu msomaji huenda anatoka katika nchi ambayo chai hutiwa sukari, na mtu akiulizwa maoni yake husema maoni yake. Tangamano si nchi ya namna hiyo. Ni nchi tulivu. Wananchi wake wanaafikiana juu ya kila jambo, na wizara kubwa kuliko zote ni Wizara ya Maafikiano, yenye ghorofa tisa na lifti moja, ambayo wote wameafikiana kwamba inafanya kazi.

Chini ya wizara hiyo ndipo ilipo Idara ya Saikolojia ya Jamii. Ilianzishwa siku Luhende aliporudi kutoka masomoni na masanduku mawili ya vitabu. Rais wa wakati ule alimwita, akamuuliza amesomea nini hasa miaka yote hiyo. Luhende akajibu kwamba amesomea namna mtu anavyobadilika akiwa mbele ya watu wengine. Rais alifurahi sana. Alisema hilo amelifanyia kazi maisha yake yote bila shahada, akamwamuru kijana aandike historia ya taaluma hiyo kwa ajili ya Baraza la Mawaziri, isizidi kurasa saba, kila ukurasa uwe na muhtasari wa mistari miwili juu yake. Luhende alijifungia wiki tatu akaandika kwa moyo wote. Baraza nalo lilisoma mihtasari kwa moyo wote.

Ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita mtaalamu mmoja aliona waendesha baiskeli wakienda kasi zaidi wanapokuwa na wenzao kuliko wanapokuwa peke yao. Baraza likaajiri Watazamaji. Kila mtumishi wa umma alipewa Mtazamaji wake, wa kuketi mbele yake na kumtazama ili afanye kazi upesi. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba wataalamu wengine waliwapa watu kamba wavute, wakagundua kuwa kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo. Baraza lilifadhaika, lakini Watazamaji walikwisha ajiriwa na wengi wao walikuwa wapwa wa watu. Ikaamuliwa kwamba Watazamaji wabaki, na kamba nchini zivutwe na mtu mmoja mmoja.

Ukurasa wa tatu ulisema kwamba mtu akipatwa na shida mbele ya watu wengi, kila mmoja humtegea mwenzake, na anaweza kukosa msaada ambao angeupata upesi mbele ya mtu mmoja. Siku nne baadaye likatoka tangazo katika gazeti la serikali kwamba kuanzia tarehe hiyo ajali zote zitokee mbele ya shahidi mmoja tu, na dereva atakayekuta mashahidi wamezidi asubiri watawanyike.

Ukurasa wa nne Luhende aliuandika huku machozi yakimlengalenga. Ulihusu watu wa kawaida, wema kabisa, waliomtesa mwenzao kwa umeme, au waliodhani wanamtesa, kwa sababu tu bwana mmoja aliyevaa koti la maabara aliwaambia waendelee. Aliuandika kama onyo. Baraza lilisoma muhtasari wake mara mbili. Kisha wakaagiza makoti elfu nne.

Kuhusu ukurasa wa tano, uliosema kwamba mtu akilipwa kidogo asifie kazi ya kuchosha huishia kuipenda kweli kuliko aliyelipwa vizuri, hatuna haja ya kusema mengi. Walimu wa Tangamano wanaufahamu. Wa sita ulihusu mtu aliyeonyeshwa mistari miwili, mrefu na mfupi, akasema imelingana kwa sababu wote waliomtangulia wamesema imelingana. Huo ulipitishwa bila marekebisho.

Ukurasa wa saba haukuwa na muhtasari. Karatasi ilikuwa imemwishia, naye alikuwa amechoka. Kwa hiyo haukusomwa.

*

Sasa chumvi.

Ilikuwa siku ya nne ya Semeni kazini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, hajui vyumba, hajui majina, na siku hiyo Waziri Ngwale alikuwa anakuja kuitembelea Idara kwa mara ya kwanza. Mtunza stoo alimwekea juu ya kaunta mifuko miwili inayofanana, isiyo na maandishi, akamwambia wa kushoto ndio sukari. Alisema kweli. Ila yeye alikuwa amesimama upande wake wa kaunta, na Semeni upande wa pili.

Chai ilimiminwa. Waziri alipiga funda moja, macho yakamtoka kidogo. Watumishi wote walikuwa wanamtazama yeye kwanza, kama itifaki inavyotaka, nao hawajagusa vikombe. Waziri akameza. Akaendelea hadi mwisho, akaweka kikombe, akasema, "Chai yenu ina msimamo." Watumishi, walipoona Waziri amemaliza, wakanywa na wao. Kila mmoja aliposhtuka alimtazama jirani yake, akamkuta jirani ametulia kabisa, maana jirani naye alikuwa anamtazama yeye. Jioni redio ilitangaza kwamba Waziri ameisifu chai ya Idara.

Semeni alijua wakati wa kuosha vyombo. Kulikuwa na tone limebaki kwenye birika, akalionja kwa kidole. Aliketi chini sakafuni. Kisha akapiga moyo konde, akapanda ngazi hadi mlango wa Mkurugenzi akaungame, na kupitia mlangoni akamsikia Dakta Luhende anamsomea mpiga chapa barua ya kumshukuru Waziri kwa maneno yake mazuri juu ya chai. Akashuka ngazi.

Siku iliyofuata alitia sukari. Watu walikunywa kimya, kwa wasiwasi. Baada ya chai Bwana Pazi, Afisa Itifaki, alikuja hadi dirisha la jiko, akasema kwa upole kwamba leo chai imelegea, na je, kuna mtu aliyemtuma? Kesho yake Semeni akarudi kwenye mfuko ule wa kwanza. Mwezi uliofuata Wizara nzima ilikuwa inakunywa chai yenye msimamo. Mwaka uliofuata, nchi.

Kwenye fomu za manunuzi chumvi ile haikuitwa chumvi. Iliitwa kiungo cha taifa. Bwana Pazi, kwa kuona baadhi ya watu wanabakiza, alianzisha utaratibu kwamba kila mnywaji akimaliza apindue kikombe chake juu ya kisahani, wote waone hakuna kilichodondoka. Maua ya ukumbini, kwenye vyungu vilivyo karibu na viti vya dirishani, yalikauka yote ndani ya miezi miwili. Yakaletwa mengine, yakakauka. Yakaletwa ya plastiki, na hata hayo yakaanza kupauka.

Halafu Idara ikaagizwa kupima mapenzi ya wananchi kwa chai yao. Utafiti ulifanywa kwa njia ya mikutano ya hadhara: mkuu wa wilaya, ndani ya koti jeupe, aliwaomba wote wasioipenda wasimame. Nchi nzima hakusimama mtu. Matokeo yakawa asilimia mia moja, isipokuwa wilaya moja ya mpakani iliyoleta asilimia mia moja na nne, kwa sababu ya wageni. Ripoti ilisainiwa na Dakta Luhende, kwa mkono uliokuwa unatetemeka kidogo. Watu walisema ni kwa furaha.

Mambo haya yote Semeni aliyaona kutoka jikoni, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Siku ya kwanza kungekuwa kukiri kosa la jikoni. Sasa kungekuwa kupinga asilimia mia moja na nne.

*

Jumanne, siku moja baada ya Mkurugenzi kuingia jikoni, Semeni alitia kijiko kimoja na nusu badala ya vitatu. Aliwaza kwamba akipunguza hivyo kila siku, mwisho wa mwezi chai itakuwa haina chumvi kabisa na hakuna atakayekuwa ametambua. Saa nne na robo Bwana Pazi alikuwa dirishani.

Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, ambaye hakuwahi kugomba. Alisema tu kwamba kuna watu wameona mabadiliko. Hakusema ni nani. Katika Tangamano "kuna watu" ni cheo kikubwa kuliko Waziri. Alimkumbusha pia Mama Chai, kwa jina hilo ambalo jengo zima lilimwitia isipokuwa mzee mmoja, kwamba Ijumaa ni Siku ya Chai ya Kitaifa, Mheshimiwa Waziri atakuwepo, na wakurugenzi wote watakunywa vikombe vitatu mbele ya umma. Idara hii ikiwa ndiyo chimbuko la chai, Mkurugenzi wake ataketi meza kuu.

"Vitatu?" aliuliza Semeni.

"Vya kujaa," alisema Bwana Pazi, akaandika kitu kwenye kijitabu.

Mchana huo Semeni alimfuata Bi Havijawa, mpiga chapa, aliyekuwa peke yake ofisini. Mtazamaji wake alikuwa ameenda kula. Walifahamiana miaka mingi. Semeni alikuwa anafagia chini ya meza yake kila jioni, na kila jioni alikuta makaratasi ya pipi. Si kwake tu. Kwenye kila droo ya jengo lile mlikuwa na pipi, sukari guru, tende, asali kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kila mwenye droo aliamini ni yeye peke yake nchini mwenye udhaifu huo.

Semeni alizunguka mbali. Alianza na hali ya hewa, akapita kwa watoto, akafika kwenye chai. Akasema, mwenzangu, hivi hii chai yetu, wewe mwenyewe ukiwa nyumbani, huwa unaipika namna hii hii?

Bi Havijawa alitazama mlango. Akatazama kiti kitupu cha Mtazamaji. "Sisi wengine tumeizoea, dada," alisema. "Sijui wewe." Kisha akaanza kupiga chapa kwa kasi karatasi ambayo haikuwa na kitu cha kunakili.

*

Alhamisi alasiri Semeni alipanda kwenda kuchukua kikombe kutoka ofisi ya Mkurugenzi. Alimkuta ameketi, koti jeupe limetundikwa, miguu iko ndani ya beseni la maji ya baridi. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hadi viatu vilikuwa vimeacha alama.

Semeni alikumbuka miguu hiyo siku nyingine. Mama yake alipofariki, kijijini, safari ya siku nzima kwa lori, ni mtu mmoja tu wa Idara aliyekuja. Alikuja mvua inanyesha, akavua viatu, akabeba jeneza pamoja na vijana, matope hadi magotini. Hakutoa hotuba. Alimuuliza tu jina la mama, akalirudia mara mbili ili asilisahau. Tangu hapo ndiye aliyekuwa akimwita Semeni kwa jina.

"Mzee, kesho usiende. Sema unaumwa."

"Nilisema hivyo mwaka jana. Waliniletea chai nyumbani, na waandishi wa habari." Alicheka kidogo, bila nguvu. Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ile ya darasani ambayo hakuna aliyemsikia akiitumia siku hizi. Akasema kuna jambo ambalo amelifundisha tangu ujana wake. Mtu mmoja hapendi kitu. Anawatazama wenzake, anawaona wametulia, anajiambia kasoro iko kwangu. Mwenzake anamtazama yeye, naye anajiambia hivyo hivyo. "Unaweza kuwa na chumba kizima cha watu wasiokipenda kitu, Semeni, na wote wanakinywa kwa kuheshimiana."

"Na dawa yake ni ipi?"

"Ipo. Niliiandika ukurasa wa saba. Katika yale majaribio ya mistari, walipomweka chumbani mtu mmoja tu wa kusema anachokiona, wengi wa waliokuwa wakijaribiwa wakapata ujasiri wa kusema na wao. Mmoja. Hahitaji kuwa mkubwa. Hahitaji hata kuwa msomi."

"Basi sema wewe, mzee. Wewe ndiye uliyeandika."

Dakta Luhende alitazama maji yaliyo kwenye beseni. "Mimi ndiye niliyesaini," alisema. "Halafu nitasemaje? Hii ni chai ya kwao Waziri, ya bibi zake huko. Alikuja hapa, akaikuta imepikwa kikwao, sijui nani alikujulisha, akafurahi. Huwezi kumwambia mtu mzima chai ya kwao ni mbaya. Bora nife na adabu zangu."

Semeni alisimama na kikombe mkononi. Kumbe mzee huyu, na vitabu vyake vyote, miaka kumi na moja amekuwa akinywa kwa kuwaheshimu bibi ambao hawakuwahi kuonja kitu hicho. Maneno yalimjia hadi kwenye meno. Aliona stoo, kaunta, mifuko miwili. Aliona pia chumba chake cha nyuma ya jengo, kitanda, jiko la mkaa, vitu ambavyo huondolewa siku moja na mtu anayefukuzwa kazi.

Alichosema ni, "Nikuletee maji mengine, mzee?"

*

Siku ya Chai ukumbi ulijaa watu mia mbili waliovaa makoti meupe, na mbele ya kila mmoja kikombe. Waziri Ngwale alikuwa amenenepa na kupauka tangu ile siku ya kwanza. Mfukoni mwa koti lake vidonge viligongana kila alipogeuka. Alihutubia kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Alisema mataifa mengine yana dhahabu, mengine yana mafuta, Tangamano ina chai. Alisema adui anaweza kutunyang'anya ardhi, lakini hawezi kutunyang'anya ladha hii, na hilo watu waliliamini bila shida. Alimalizia kwa kusema kwamba sukari ni starehe, na starehe haijapata kujenga daraja. Watu walipiga makofi, kila mtu akimsikilizia jirani yake aache kwanza.

Kikombe cha kwanza kilinyweka. Vikombe mia mbili vikapinduliwa juu ya visahani kwa mlio mmoja.

Kwenye meza kuu Semeni alimimina kikombe cha pili kwa mkono wake, akaanza na Waziri, akafuata wengine, akafika kwa Dakta Luhende. Mzee alikunywa. Alipokipindua, kikombe kiligonga kisahani mara tatu nne kabla ya kutulia. Kijasho kilikuwa kimetanda juu ya mdomo wake. Alishika kitambaa cha meza kwa mkono wa kushoto, akakivuta kidogo kidogo kuelekea kwake, kama mtu anayeteleza kitandani akashika shuka.

Watu mia mbili waliona. Kila mmoja alimtazama mwenzake kujua kama ni jambo la hatari, akamkuta mwenzake ametulia, akatulia. Semeni naye alisimama pale na birika, akiwatazama wao, akingoja, hadi alipogundua anangoja nini. Angetaka ukumbi ule uwe na mtu mmoja tu wa kusema.

Bwana Pazi alitangaza kikombe cha tatu. Semeni alimmiminia Waziri. Akawamiminia wengine. Alipofika kwa Dakta Luhende alisimama, birika limeinama, hakumimina.

"Mimina," alinong'ona Bwana Pazi nyuma yake.

"Simimini."

"Mama Chai, unavunja itifaki."

"Kuna nini huko?" aliuliza Waziri.

Semeni alilishika birika kwa mikono miwili. "Mzee huyu amekatazwa chumvi," alisema. "Hospitali wamemwandikia. Na hii ni chumvi. Akinywa hiki cha tatu atakufa hapa hapa, na nyote mnamwona."

Neno lile lilikuwa halijatamkwa kwenye shughuli ya serikali kwa miaka kumi na moja. Lilitembea ukumbini kama mtu asiye na nguo. Wengine walitazama dari. Waziri alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Alipoongea sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu ambaye hajaandikiwa hotuba.

"Lakini Mkurugenzi," alisema, "si ni chai yenu hii? Mimi niliikuta kwenu. Nilikuwa mgeni."

Dakta Luhende aliinua kichwa polepole. "Sisi tulidhani ni ya kwenu, Mheshimiwa. Tulikuona umemaliza."

"Nilimaliza kwa sababu mlikuwa mnanitazama."

Bwana Pazi alikwisha fungua jalada. Alipekua kurasa kutoka mbele kwenda nyuma, kisha kutoka nyuma kuja mbele, akitafuta agizo la kuanzishwa kwa chai. Mahali palipoandikwa Asili, mtu alikuwa amejaza: kama ilivyokuwa. Katika ukimya ule, safu ya tatu, ilisikika sauti ndogo ya karatasi inayofunguliwa. Bi Havijawa alikuwa ameweka pipi mdomoni, mbele ya Waziri, macho yake yametazama mbele. Halafu karatasi nyingine, upande wa dirishani. Halafu nyingine.

Dakta Luhende alikigeuza kikombe chake kitupu, akakisukuma mbali. Mke wake, aliyekuwa kwenye viti vya wageni, alikuwa tayari anapita katikati ya watu akiwa na chupa ya maji.

"Sasa ni ya nani?" aliuliza Waziri. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyetembea tangu asubuhi, anayeuliza imebaki safari kiasi gani. "Kama si yangu wala si yenu, ni ya nani?"

Makoti meupe yakatazamana. Semeni aliweka birika mezani. Lilikuwa zito kuliko alivyokuwa akilifikiria miaka yote hiyo, na mkono wake ukabaki umekunjika kana kwamba bado umelishika. Akasema jambo, lakini chini chini, akiitazama nembo ya taifa.

"Sauti," alisema Bwana Pazi kwa mazoea ya kazi. "Mheshimiwa hasikii."

Semeni akainua uso. Dakta Luhende alikuwa anamtazama, chupa ya maji mdomoni, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi ambaye anajua jibu.

"Nilikusudia sukari," alisema Semeni, na safari hii ilisikika hadi kwenye maua ya plastiki. "Ni mimi, siku ile ya kwanza, nilishika mfuko usio wenyewe. Nilikusudia sukari."